Jenifa Alitoka Wapi?

Hakuna mtaa mjini usiokuwa na Jenifa. Yuko Jenifa muuguzi wa zamu ya usiku, yuko Jenifa fundi cherehani, na yuko Jenifa wa darasa la tatu ambaye mwalimu hana budi kumtaja pamoja na jina la baba yake ili asichanganywe na Jenifa wenzake wawili. Jina tumelizoea mno. Ukimwuliza mwenye nalo lilitoka wapi, atakwambia ni jina la Kizungu, na akiona unaendelea kumtazama ataongeza kwamba ni jina la Kikristo. Majibu yote mawili yana walakini. Katika Biblia hamna Jenifa, si katika Agano la Kale wala Jipya. Na Mwingereza wa London wa mwaka 1900, kama angalilisikia jina hilo likiitwa barabarani, yamkini angaligeuka kutazama ni la watu gani.

Lilikuwa jina la watu wa Cornwall, ile pembe ndefu ya kusini-magharibi mwa Uingereza inayoingia baharini kama kidole, nchi ya wavuvi na ya wachimba madini ya bati na shaba. Huko watoto wa kike waliitwa Jenifer tangu zamani, na wengi wakiliandika kwa "n" moja kama tunavyoliandika sisi, wakati ambapo sehemu nyingine za Uingereza jina hilo halikuwa likitumika. Ni umbo la Kikornishi la jina la Guinevere, mke wa Mfalme Arthur wa hekaya, ambalo Wawelisi huliandika Gwenhwyfar. Silabi ile ya mwanzo, "gwen", maana yake ni weupe, na pia uzuri na baraka. Msomaji aiweke akilini, maana tutakutana nayo tena.

Mwaka 1906 mwandishi George Bernard Shaw, mzaliwa wa Dublin, alipeleka jukwaani London tamthilia yake iitwayo The Doctor's Dilemma, na ndani yake akamweka mke wa msanii aitwaye Jennifer. Katika mchezo ule ule jina lake linastaajabiwa, naye inambidi aeleze kwamba yeye ni mtu wa Cornwall na kwamba jina lake ndilo lile la Guinevere. Hapo jina likaanza safari. Likaenea Uingereza, likavuka bahari ya Atlantic, na kuanzia mwaka 1970 hadi 1984, miaka kumi na mitano mfululizo, Jennifer ndilo jina lililoongoza kwa watoto wa kike waliozaliwa Marekani. Sisi tulilipokea katika mkumbo huo huo, kwa vitabu, kwa redio, kwa sinema na kwa ubatizo. Mzazi anayetafuta jina ambalo mtoto mwingine hana, basi, na akumbuke yaliyompata Jenifa.

Wala Jenifa hakuja peke yake. Winfrida, ambaye katika baadhi ya mikoa yetu huwezi kuingia kanisani usimkute, ni Gwenfrewi wa Wales, mtakatifu wa karne ya 7 ambaye kisima chake huko Treffynnon, kaskazini ya Wales, kingali kinazuriwa na mahujaji hadi leo. Tazama "gwen" ile tena. Gladis ni Gwladys, naye ni Mwelisi. Sheila ni Síle wa Ireland, na huyo Síle ni Sesilia aliyepita katika kinywa cha Wairishi. Maureen ni Máirín, yaani Maria mdogo. Brigita ni mtakatifu mama wa Kildare, ambaye tangu mwaka 2023 nchi ya Ireland humwadhimisha kwa siku ya mapumziko ya taifa mwanzoni mwa Februari. Hata yule Brigita wa Sweden jina lake lilitokana na la huyo wa Ireland. Wote hawa ni majina ya Wakelti: watu ambao lugha zao zilisukumwa pembeni ya Ulaya, kwenye miamba na visiwa, na Kiingereza na Kifaransa. Tumeishi na majina yao majumbani bila kujua kuwa ni majina ya watu wadogo kama sisi tulivyokuwa wadogo mbele ya wenye meli kubwa.

Haya yote yameletwa na barua. Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu ametuandikia kwamba binti yake, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi, ameolewa na kijana wa Cornwall. Sasa ni mjamzito, na wameambiwa hospitali kwamba ni mtoto wa kike. Upande wa mume wamependekeza aitwe Elowen. Mama huyu alitazamia mjukuu wake wa kwanza apewe jina la marehemu mama yake mzazi, kama ilivyo desturi ya kwao. Anasema amelitamka jina hilo jipya mara tatu mbele ya kioo, na kila mara limetoka tofauti. Anauliza mambo mawili. Kwanza, hilo ni jina la watu kweli, au ni mapambo ya siku hizi? Pili, akikataa, atakuwa ameharibu ukwe?

Swali la kwanza lajibika. Elowen ni neno la Kikornishi, na maana yake ni mti uitwao elm kwa Kiingereza, mti mkubwa wa kivuli wa nchi za baridi. Kama jina la mtu si la kale. Lilianza kupewa watoto katika karne ya 20, na miaka ya karibuni limependwa hata Marekani, na wazazi ambao wengi wao hawajawahi kuikanyaga Cornwall. Lina jambo moja la huzuni ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na mbawakawa uliishambulia miti hiyo nchini Uingereza, ukaiua kwa mamilioni. Kwa hiyo mtoto anayeitwa Elowen anaitwa kwa mti ambao bibi yake aliucheza chini yake na ambao yeye mwenyewe yumkini ataoneshwa katika picha.

Ili kulielewa swali la pili ni lazima kwanza tuijue lugha yenyewe ilivyoteseka, kwa maana ndipo ilipo siri ya ukaidi wa wale wakwe.

Kikornishi, au Kernewek kama wenyewe wanavyokiita, ni ndugu wa damu wa Kiwelisi na wa Kibretoni cha Ufaransa. Hapo kale kilisemwa Cornwall nzima hadi ukingo wa mto Tamar. Mwaka 1549 serikali ya London iliamuru kwamba sala kanisani ziwe za Kiingereza, kwa kitabu kipya. Watu wa Cornwall na majirani zao wa Devon wakaasi, na mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa kwamba baadhi yao Kiingereza hawakijui. Maasi yakazimwa kwa upanga, watu maelfu wakafa, na kitabu cha sala cha Kikornishi hakikutolewa. Lugha isiyosaliwa, isiyofundishwa na isiyotumika mahakamani hubaki jikoni na chomboni, na huko nako ina umri wake. Mwaka 1777 katika kijiji cha wavuvi cha Mousehole alifariki bibi muuza samaki, Dolly Pentreath, ambaye kwa mapokeo hutajwa kuwa mtu wa mwisho aliyelelewa katika Kikornishi. Walikuwapo baada yake wazee waliojua sala, kuhesabu na maneno ya uvuvi, lakini hapakuwa tena na mtoto aliyefundishwa na mama yake kuomba maji kwa lugha hiyo.

Kilichobaki kilikuwa majina. Majina ya vijiji, ya mashamba, ya majabali na ya ukoo. Mtu wa Cornwall hujulikana hata leo kwa jina la ukoo linaloanza na "Tre", ambayo ni maskani, au "Pol", ambayo ni bwawa, au "Pen", ambayo ni kichwa au ncha. Mchimba madini aliyekwenda Afrika ya Kusini, Mexico au Australia kutafuta riziki wakati migodi ya kwao ilipoanguka alisahau yote, lakini Trevithick alibaki Trevithick na Penrose akabaki Penrose.

Kutokana na mabaki hayo na miswada ya kale ya michezo ya dini, Henry Jenner alichapisha mwaka 1904 kitabu cha kufundishia Kikornishi, akiwauliza watu wa kwao swali jepesi, kwa nini wajifunze lugha hiyo, na kulijibu kwa jibu jepesi vile vile: kwa sababu wao ni watu wa Cornwall. Mwaka 1928 wakaunda baraza lao la washairi na wasomi wa lugha. Serikali ya Uingereza iliitambua lugha hiyo rasmi mwaka 2002. UNESCO, iliyokuwa ikiihesabu kuwa imekufa, mwaka 2010 ikaihamishia katika kundi la lugha zilizo katika hatari kubwa. Na mwaka 2014 watu wa Cornwall wakatambuliwa kuwa jamii ndogo ya kitaifa, sawa na Wawelisi, Waskoti na Wairishi. Lakini msomaji asidhani kwamba soko la samaki la Newlyn limerudia Kikornishi. Katika sensa ya mwaka 2011, kwa England na Wales nzima, waliosema kwamba Kikornishi ndiyo lugha yao kuu walikuwa watu 557. Idadi hiyo inatosha shule moja ya msingi ya kwetu, tena isiyo kubwa.

Mama aliyetuandikia na afikiri, basi, juu ya bibi mwenzake wa upande wa pili. Yamkini bibi yule hawezi kumbembeleza mjukuu kwa Kikornishi. Hajui wimbo wa kulalia wa lugha hiyo, wala kitendawili, wala tusi. Anayo maneno machache tu, na moja kati ya hayo anataka liitwe kila asubuhi nyumbani mwake, mlangoni, mezani, mtoto anapokimbilia barabarani. Kwake yeye jina la mtoto ndiyo sentensi nzima. Mama wa huku analo jina la marehemu mama yake, na pamoja na jina hilo analo lundo zima la maneno ambayo jina limelala ndani yake. Tofauti hiyo, nadhani, ndiyo itakayoamua jambo hili, kuliko ugumu wa matamshi.

Na ugumu wenyewe ni mdogo kuliko anavyodhani. Kati ya majina ya Wakelti, ya Cornwall ndiyo yanayopatana na ulimi wa Kiswahili. Kerensa, upendo, linasomwa kama lilivyoandikwa. Lowena, furaha, vile vile. Mtoto wetu Furaha na Lowena wa Truro ni wajina. Tegen ni kitu kidogo kizuri, pambo. Steren ni nyota. Hilo bila shaka kinywa chetu kitalitia irabu mwishoni, na halitadhurika. Morwenna ni mtakatifu wa kaskazini ya Cornwall, ambaye kijiji cha Morwenstow kimepewa jina lake. Lipo hata Ia, herufi mbili tu, jina la mtakatifu ambaye hekaya yasema alivuka bahari kutoka Ireland juu ya jani. Mji wa St Ives unaitwa kwa ajili yake. Na Elowen mwenyewe, mama akimtamka silabi kwa silabi, e-lo-wen, akitia mkazo kwenye "lo" kama anavyotia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika neno lolote la Kiswahili, atakuwa ametamka sawasawa na wenyewe. Kioo hakikumsaidia kwa sababu alikuwa akijaribu kulifanya la Kiingereza.

Angalipata mkwe wa Ireland ndipo angaliona kazi. Huko kuna Niamh, ambalo husomwa Niiv. Kuna Siobhán, ambalo husomwa Shivon. Kuna Saoirse, ambalo wengi hulisema Sirsha. Mwigizaji maarufu wa sinema mwenye jina hilo, Saoirse Ronan, amelazimika kuwafundisha watangazaji wa televisheni ya Marekani kulitamka kila anapokwenda kuhojiwa. Lakini nalo msomaji asilicheke kabla ya kujua maana yake. Saoirse ni uhuru. Halikuwa jina la kale la watu. Wairishi walianza kuwapa binti zao katika karne ya 20, baada ya kupigania nchi yao, kama ambavyo huku Afrika Mashariki walizaliwa akina Uhuru katika miaka ya 1960.

Yako mengine mawili ya Cornwall ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni Tamsin, ambalo ni Tomasina lililofupishwa, mwanamke wa Tomasi. Na Tomasi, kwa lugha ya Kiaramu aliyoisema Bwana Yesu, ni pacha. Kwa hiyo Tamsin wa Penzance ni ndugu wa Kulwa na Doto. La pili ni Loveday. Katika Uingereza ya kale palikuwa na siku zilizotengwa kwa ajili ya wagomvi kukutana na kupatana nje ya mahakama, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo aliweza kuitwa hivyo. Kwingineko jina hilo lilififia, Cornwall likadumu. Tafsiri yake haihitaji kamusi: ni Suluhu. Watu hawa, ambao tungedhani hatuna la kuzungumza nao, wamekuwa wakiwapa watoto majina kwa siku, kwa mambo yaliyotokea na kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama wanavyofanya wazee wa Pwani wanaotupa akina Mwajuma na Chausiku.

Demelza simshauri mtu. Ni jina zuri masikioni, na limepata sifa kubwa, lakini lilikuwa kitongoji. Mwandishi Winston Graham aliliona kwenye kibao cha njia, akampa mwanamke wa hadithi zake za Poldark. Kitabu chenye jina hilo kilitoka mwaka 1946, na baada ya hadithi kuoneshwa katika televisheni miaka ya 1970, na tena kuanzia 2015, watoto wengi wakaitwa Demelza. Ni sawa na mtalii aliyeipenda Chalinze akamwita binti yake Chalinze. Wenyewe watanyamaza kwa adabu. Namna nzuri zaidi ilifanyika mwaka 2010, ambapo Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, David Cameron, na mkewe walijaliwa binti wakiwa mapumzikoni Cornwall. Wakampa majina ya kawaida ya Kiingereza, na jina la Endellion, kijiji cha huko chenye kanisa la mtakatifu wa jina hilo, wakaliweka la tatu. Mgeni akipokelewa vizuri mahali si vibaya kutaja jina la mwenyeji, lakini asikalie kiti cha mbele.

Kama kuna mtu anayedhani kwamba mabishano ya jina ni mambo ya wanawake na vikombe vya chai, na aangalie Bretagne, upande ule wa Ufaransa ambako ndugu wa Wakornishi wanaishi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1803, ya enzi ya Napoleon, iliruhusu majina yaliyomo katika kalenda na ya watu mashuhuri wa historia ya kale, basi. Karani wa uandikishaji ndiye aliyekuwa hakimu. Baba na mama Le Goarnic, Wabretoni waliozaa watoto kumi na wawili, walishikilia kuwaandikisha wanao kwa majina ya Kibretoni, na sita kati yao wakakataliwa. Mmoja aliitwa Maiwenn, na mwisho wake ni ile "gwen" yetu. Mwingine Sklerijenn, ambayo ni mwangaza. Mtoto ambaye hakuandikwa hayumo katika daftari la nchi: wazazi hawapati posho ya malezi, na mwenyewe akikua hana hati ya kumtambulisha. Familia ile ilihangaika mahakamani miaka mingi badala ya kubadili majina ambayo karani angeyakubali kwa dakika moja. Mwaka 1966 serikali ililegeza masharti, na mwaka 1993 sheria mpya ikawapa wazazi wa Ufaransa uhuru wa kuchagua, isipokuwa pale ambapo jina litamdhuru mtoto.

Sisi huku hatukukataliwa na karani. Tulikataliwa kwa upole, kwa kuulizwa mbele ya kisima cha ubatizo kama hatuna jina "zuri", nasi tukajifunza kujiuliza swali hilo wenyewe kabla hatujaulizwa. Wengi wa akina Winfrida na Gladis walipata majina yao kwa njia hiyo, wakati jina la bibi likibaki la kuitiwa nyumbani. Siyatukani majina hayo. Yamekwisha kuwa yetu kwa matumizi na kwa kupendwa. Nasema tu kwamba mama aliyetuandikia hana sababu ya kuona aibu kwa kulitaka jina la marehemu liandikwe kwenye cheti, si kutajwa tu katika simu ya Idi au ya Krismasi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Asikatae Elowen. Kulikataa ni kumnyima mwenzake neno moja katika machache aliyonayo, na ukwe utaingia ufa ambao hautaonekana hadi siku ya msiba. Ila asiombe jina la marehemu kama sadaka. Aliombe kama haki ya mtoto. Pale Uingereza mtoto huandikwa majina mawili au matatu bila taabu, na mtoto huyu ana mabibi wawili. La kwanza na liwe la huko, kwa kuwa huko ndiko atakakoitwa darasani. La pili liwe la huku, kamili, si herufi ya mkato. Na kama wazazi bado wanasita juu ya Elowen, kwa kuwa siku hizi limekuwa la wengi, mama anaweza kuwatajia Kerensa na Lowena kwa niaba yetu. Mkwe atashangaa kusikia majina hayo yakitoka Dar es Salaam, na mshangao wa namna hiyo hujenga.

Jambo la herufi lisidharauliwe. Kila anayefanya kazi ofisini anamjua mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina herufi moja isiyofanana na ya cheti cha shule, na safari alizokwenda kwa wakili kuapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mtoto atakayekuwa na jina la Kikornishi na la Kibantu katika hati za Kiingereza ataandikiwa makosa kutoka pande zote mbili. Jina la marehemu mama aliandike kwa herufi kubwa katika karatasi, na chini yake maana yake, na chini ya maana, mistari miwili au mitatu juu ya mwanamke aliyelibeba: alizaliwa wapi, alilima nini, alilea wangapi. Karatasi hiyo iende kwa posta au kwa simu, vyovyote vile, lakini iende kwa mama mkwe wa Cornwall, isiende kwa binti peke yake. Binti atapokea, bibi mwenzake ndiye anayepaswa kujua anachoitikia.

Muda upo. Kwa sheria ya England wazazi wana siku 42 tangu mtoto kuzaliwa kwenda kumwandikisha, yaani arobaini yetu na siku mbili juu yake. Na hata baada ya kumwandikisha, jina la kwanza laweza kuongezwa au kubadilishwa ndani ya miezi 12. Ila nisingemshauri mama kuitegemea hiyo miezi 12, kwa maana mtoto wa miezi tisa amekwisha kuanza kugeuka akiitwa. Apige simu wiki hii, amwombe mama mkwe amtamkie e-lo-wen polepole, naye amtamkie jina la marehemu mara tatu, bila kioo.